Maswali na Majibu ya Bustani: Maboga Makubwa Kupindukia

Mnamo Oktoba 2025 ndugu pacha wawili wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, walipimiwa boga la kilo 1,278.8, zito kuliko lolote lililowahi kuwekwa kwenye mizani, na tangu habari hiyo ienee tumepokea barua nyingi za wasomaji wa Nairobi na viunga vyake kuhusu ukuzaji wa maboga makubwa. Barua ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa jambo ambalo nyingine zote zinalitegemea.

SWALI: Mshauri, mimi ni mwalimu wa sayansi huko Ruai na ndiye mlezi wa chama cha 4-K shuleni kwetu. Wanafunzi wamekusanya mbinu nyingi: kulinywesha boga maziwa kwa utambi, kumwagia mmea maji ya sukari, kufukia shina, kupogoa matawi, kuacha tunda moja pekee. Tumepewa uwanja wa mita 20 kwa 20. Je, tujaribu ipi, na tutajuaje kwamba mbinu hiyo ndiyo iliyolikuza boga? *Mwalimu, Ruai*

JIBU: Mwalimu, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo wakuzaji wengi hulipita. Mtu hupanda mmea mmoja, akaufukia shina, akaupogoa, akaumwagia kila mbolea aliyoshauriwa na majirani, na tunda linapotoka kubwa hawezi kusema ni lipi kati ya hayo lililolikuza. Jaribio lenu liwe na badiliko moja tu. Uwanja wenu unatosha vipande vinane vya mita 5 kwa 10, kila kipande na mmea mmoja. Mbegu zote zitoke katika boga moja, mashimo yote yapewe mboji ya kiasi kilekile, maji yapimwe kwa ndoo, kisha mpige kura ni mimea ipi minne itakayofukiwa shina na ipi minne itakayoachwa. Kura ni ya lazima, kwa sababu wanafunzi wakiachiwa kuchagua wataipa mbinu wanayoipenda miche iliyonawiri, na matokeo yatakuwa yameamuliwa kabla ya mvua ya kwanza. Mimea minne kila upande si mingi, na mbegu za boga moja hutofautiana kama watoto wa tumbo moja, kwa hiyo tofauti ndogo kati ya makundi mawili msiitilie maanani. Ikiwa maboga yote manne ya upande mmoja yatayapita yote manne ya upande wa pili, hapo mna jambo la kuripoti.

Kila tunda lipimwe mzunguko kwa utepe wa fundi cherehani kila siku ya tatu, saa ileile ya asubuhi, na vipimo viandikwe kwenye kaunta buku pamoja na hali ya hewa. Uzito wa mwisho peke yake hauwaambii mengi. Kinachofundisha ni kuona ni wiki gani ukuaji ulikwenda mbio, ni wiki gani ulizorota, na ni nini kilichotokea shambani wakati huo.

Nimetaja kufukia shina kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo mbinu ambayo ningeijaribu kwanza. Kwenye kila fundo la shina, pale jani linapochomoza, mmea wa boga unaweza kutoa mizizi mipya ukigusana na udongo wenye unyevu. Chimbeni mfereji wa kina cha vidole vinne kuelekea upande ambao shina linatambaa, wekeni mboji kidogo, lilazeni shina ndani yake na kulifunika huku majani yakibaki juu na ncha inayokua ikibaki wazi. Baada ya wiki moja au mbili, mwanafunzi akiufukua udongo taratibu kwa kidole chini ya fundo, ataona vijizizi vyeupe vimeanza kushika. Mmea ambao ungekunywa kwa mzizi mmoja wa shinani sasa unakunywa katika sehemu nyingi, na upepo nao hauwezi tena kulipindua shina.

Kupogoa na kuacha tunda moja vifanywe kwa mimea yote minane bila ubaguzi. Liacheni shina kuu likue kwa urefu wa kipande, matawi ya pembeni myaelekeze kulia na kushoto na kuyakata yanapofika ukingoni, na vitawi vinavyoota juu ya matawi hayo mviondoe vingali vidogo. Tunda la kubaki liwe kwenye shina kuu, mita 3 hadi 4 kutoka pale mmea ulipopandwa, ili liwe na majani ya kutosha nyuma yake. Mengine myatoe mara tu lile mlilolichagua linapoonyesha wazi kwamba linakua.

Kuhusu maziwa na sukari nitasema waziwazi: hazisaidii. Boga hupata chakula chake kutoka kwenye majani, ambako sukari hutengenezwa kwa nguvu za jua na kusafirishwa kupitia mishipa ya shina hadi kwenye tunda. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87, na mafuta na protini zilizobaki haziwezi kutumiwa na mmea jinsi zilivyo. Kinachobaki ni kidonda mlichotoboa ili kupitisha utambi, na kidonda hicho hualika uozo. Sukari inayomwagwa ardhini huwalisha vijidudu vya udongo, navyo vikishiba huongezeka na kuichukua naitrojeni ambayo mmea ungeitumia. Hata hivyo, wanafunzi wakisisitiza kuthibitisha kwa macho yao, wapeni mimea miwili ya pembeni nje ya jaribio. Imani hii ni ya zamani na inafaa ivunjwe kwa utepe wa kupimia.

Kuna jambo la asili ya mbegu ambalo hakuna mbinu inayolizidi. William Warnock wa Kanada alipeleka boga la ratili 403, yaani takriban kilo 183, kwenye maonyesho ya St. Louis ya 1904, na rekodi hiyo ikadumu hadi 1976. Kisha Howard Dill, mkulima wa Windsor katika jimbo la Nova Scotia, akachagua mbegu kizazi baada ya kizazi hadi akapata aina inayoitwa Atlantic Giant, na mwaka 1981 boga lake lilifika ratili 493.5, karibu kilo 224. Maboga ya rekodi ya leo ni ya ukoo huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na Jessica Savage na wenzake ulilinganisha aina kubwa na ndogo, ukaonyesha kwamba majani ya aina kubwa hayatengenezi sukari kwa ufanisi zaidi. Tofauti iko kwenye wingi wa mishipa inayoipeleka sukari hiyo kwenye tunda. Mishipa hiyo mmea huzaliwa nayo.

Na kuna anga letu. Kusini mwa Uingereza mwezi Juni mchana hudumu zaidi ya saa 16, ilhali Nairobi, iliyo karibu na Ikweta, mchana ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Majani yetu hufanya kazi saa chache kwa siku, na usiku wetu wa mita 1,700 juu ya usawa wa bahari huwa baridi. Kwa hiyo msijipime kwa Uingereza wala Minnesota ya Marekani. Jipimeni kwa boga la kawaida lililokuzwa katika udongo uleule, msimu uleule.

Kalenda ndiyo silaha yenu kubwa. Pandeni katikati ya Oktoba, ili mvua za vuli ziyakuze majani. Maua ya kike yataanza kufunguka takriban siku 60 baadaye, na wiki ambazo tunda hukua kwa kasi zaidi, kati ya wiki ya tatu na ya sita baada ya kuchavushwa, zitaangukia Januari na mapema Februari, jua likiwa kali na mawingu yakiwa machache. Boga litakuwa limekomaa kabla ya mvua za masika kushika. Likizo ya Desemba itaangukia papo hapo, kwa hiyo pangeni mapema zamu za kumwagilia maji. Anayepanda ili tunda likue Julai, wakati Nairobi inapokaa chini ya mawingu, anapoteza mwanga wake bure.

SWALI: Nina jamaa Marekani aliye tayari kunitumia mbegu za Atlantic Giant ndani ya bahasha. Je, kuna tatizo? Na nikizikosa, naweza kutumia mbegu za malenge ya Marikiti? *Msomaji, Kinoo*

JIBU: Tatizo lipo, tena si dogo. Mbegu kutoka nje huingia nchini kwa kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea, ambacho huombwa kabla mbegu hazijatumwa, nazo huja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Nakusihi ufuate njia hiyo, ndugu yangu. Kuna virusi vya jamii ya matango na maboga vinavyosafiri ndani ya mbegu bila dalili yoyote, na kirusi kipya kikiingia Kinoo hakitasimama kwenye ua wako. Kitafika kwa wakulima wa Kiambu wanaolipa karo kwa maboga na matango. Ukipata kibali, utaona kwamba mbegu za wakuzaji wa maboga makubwa huitwa kwa uzito wa boga mama na jina la ukoo la aliyelikuza: 2009 Wallace, kwa mfano, ni mbegu za boga la ratili 2,009 la Ron Wallace, la kwanza kupita ratili 2,000, lililopimwa mwaka 2012.

Mbegu za Marikiti zinafaa sana kwa kujifunza, ila chagua kwa makini. Maboga yanayouzwa humo ni ya spishi zaidi ya moja, na ile yenye uwezo wa kuwa kubwa mno ni *Cucurbita maxima*. Itambue kwa kikonyo: shika kikonyo cha boga, na kikiwa cha mviringo, kinene, chepesi na chenye ganda linalofanana na kizibo, hiyo ndiyo. Kikiwa kigumu, chenye pembe tano na kimetanuka pale kinaposhikana na tunda, hiyo ni spishi nyingine. Nunua lililo kubwa kuliko yote kwenye rundo, na umwulize mwuzaji limetoka wapi. Kahurura ya jirani isikutie hofu, kwani ni spishi ya mbali na haitaharibu mbegu zako.

SWALI: Maboga yangu huanza kukua, yakafika ukubwa wa ngumi, kisha hugeuka manjano na kudondoka. Maua ni mengi. Nimeambiwa nichavushe kwa mkono. Inafanywaje? *Mama wa watoto watatu, Kahawa West*

JIBU: Dada, tunda changa linalogeuka manjano na kudondoka kwa kawaida halikupata chavua ya kutosha, na mjini kwetu nyuki ni wachache kuliko tunavyodhani, hasa mahali ambapo dawa hupulizwa asubuhi.

Ua la kike lina kijiboga kidogo chini yake. La kiume lina kikonyo chembamba tu. Jioni, angalia ua la kike ambalo ncha zake zimeanza kuwa za manjano: hilo litafunguka kesho yake. Lifunge ncha taratibu kwa uzi, na ufanye vivyo hivyo kwa maua mawili au matatu ya kiume, ili nyuki wasikutangulie na chavua ya mmea mwingine. Kesho yake alfajiri, jua linapochomoza, chuma ua la kiume na ung'oe petali zake zote hadi ubaki na kile kijiti cha katikati chenye unga wa dhahabu. Fungua la kike. Ndani utaona vipande vilivyovimba vilivyopangana kwa duara. Paka unga huo juu ya kila kipande, kwa maua yote ya kiume uliyo nayo, kisha ulifunge tena. Hesabu vipande hivyo. Wakuzaji wa maboga makubwa huvithamini sana vinne au vitano kuliko vitatu, kwa kuwa boga lenye vyumba vingi ndani huwa na nafasi zaidi ya kutanuka.

Fanya kazi hii kabla ya saa tatu asubuhi. Baadaye ua hunyauka, na nafasi inakuwa imepita.

Tunda likishashika, chunga kitu kingine: nzi wa matunda. Huyu hutoboa ngozi laini ya boga changa na kutaga mayai ndani, na mabuu yake huliozesha tunda ambalo kwa nje linaonekana salama. Lifunike kwa kitambaa chepesi cha wavu tangu siku ya kwanza hadi ngozi iwe ngumu. Vitabu vya Marekani hutumia kurasa nyingi kuonya juu ya kipekecha shina wa huko. Hayupo kwetu, kwa hiyo nguvu zako zielekeze kwa nzi huyu na kwa ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaotanda juu ya majani baada ya mvua.

SWALI: Ploti yangu ya futi 50 kwa 100 iko Utawala, kwenye udongo mweusi wa pamba. Maji ya mfereji huja mara mbili kwa wiki. Mwaka jana boga langu lilipasuka. Niache? *Mstaafu, Utawala*

JIBU: La hasha, mzee wangu, usiache. Ila usipande chini kwenye udongo huo jinsi ulivyo. Udongo mweusi ukinyeshewa hushika maji hadi mizizi ikakosa hewa, na ukikauka hupasuka na kuikata mizizi hiyohiyo. Inua tuta la kimo cha sentimita 40, lenye upana wa mita 2, kwa samadi iliyooza vizuri, majani makavu na udongo wenyewe. Samadi mbichi iepuke, kwa maana huunguza mizizi. Kabla ya kununua mbolea au chokaa, peleka sampuli ya udongo kwenye maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, huko Kabete. Maboga hupenda pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, ya karibu 6.5 hadi 6.8. Udongo mwekundu wa Kabete na Kiambu mara nyingi ni wenye tindikali na huhitaji chokaa, lakini mweusi wa upande wako mara nyingi hauihitaji kabisa, na ukiiongeza unauharibu.

Maji ndiyo yatakayokuamulia ukubwa wa mmea. Siku ya jua kali ya Januari, kila mita ya mraba ya majani hupoteza takriban lita 4 hadi 5. Mmea unaofunika mita za mraba 25 unahitaji hivyo zaidi ya lita 100 kwa siku, yaani mitungi mitano au sita ya lita 20. Mmea wa mita za mraba 100, kama ule wa wanaoshindana Ulaya, ungemeza maji ya familia nzima na kuchukua zaidi ya moja ya tano ya ploti yako. Kaa kwenye mita 25. Kinga maji ya paa: paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 10 hukupa karibu lita 500, na mvua za vuli zitakujazia tangi kabla ya tunda kuanza kudai. Tandaza nyasi kavu juu ya tuta lote.

Kupasuka kwa boga lako kulitokana, kwa jinsi ulivyoeleza, na kiu ya siku nyingi iliyofuatwa na maji mengi kwa mpigo. Ngozi iliyokaushwa na jua huwa ngumu, na nyama ya ndani ikivimba ghafla ngozi haiwezi kufuata. Mwagilia kidogo kila siku badala ya kufurisha siku mbili za mfereji, na lijengee boga kibanda cha kitambaa cheupe kisicholigusa. Chini yake weka mchanga mkavu lingali dogo, kwa sababu likishapata kilo 60 hutalinyanyua peke yako. Angalia pia kikonyo: kisimame wima dhidi ya shina, na shina lililo karibu na tunda lisifukiwe, ili liweze kuinuka mabega ya boga yanapotanuka. Maboga mengi mazuri hung'oka kikonyoni kwa sababu shina lilibanwa ardhini.

SWALI: Nyumbani kwetu malenge hupandwa kwa ajili ya majani ya mukimo. Mama mkwe huchuma kila Jumamosi. Nifanyeje bila kumkosea heshima? Na boga lenyewe litalika? *Msomaji, Kangemi*

JIBU: Huna haja ya kumzuia. Zile ncha za vitawi ambazo mkuzaji huziondoa kila wiki ndizo hasa zilizo laini na zinazofaa mukimo. Mwombe mama achume hizo, mtembee naye shambani mara ya kwanza ili azione, na majani mapana ya shina kuu yaachwe, kwa maana hayo ndiyo yanayolilisha boga. Kama kikapu chake hakijai, mpandie mimea miwili ya kawaida kando. Sharti ni moja: mmea unaochumwa mboga usipulizwe dawa.

Boga lenyewe linalika ikiwa hukutumia dawa zinazoingia ndani ya mmea, ila huwa na maji mengi, nyuzi nyingi na utamu kidogo. Ng'ombe na nguruwe watalifurahia kuliko wageni wako.

SWALI: Sina mizani ya kupima kitu kikubwa. Kuna njia nyingine? *Kijana mkulima, Kikuyu*

JIBU: Ipo. Chukua utepe na upime mara tatu: mzunguko wote sambamba na ardhi, kutoka kikonyoni hadi kitako na kurudi, kisha juu ya mgongo kutoka ardhi hadi ardhi, ubavu kwa ubavu, kisha juu ya mgongo tena kutoka ardhi hadi ardhi, kikonyo kwa kitako. Jumlisha vipimo vitatu. Wakuzaji wa chama cha kimataifa cha Great Pumpkin Commonwealth wana jedwali linaloigeuza jumla hiyo kuwa uzito wa kukadiria, na hukaribia sana ukweli, ingawa boga lenye ukuta mnene huzidi makadirio na lenye ukuta mwembamba hupungua. Kwa kipimo rasmi hakuna badala ya mizani, na boga lenye ufa uliopenya hadi uwazi wa ndani halikubaliwi. Ukilivuna lako Machi, wenye mizani ya kupimia magunia ya viazi huko Wangige au Marikiti watakupimia. Lipeleke juu ya godoro kuukuu, na kikonyo kisiguswe na mtu.